Kura Isiyo na Picha

Mama aliwapima wagombea urais wa Marekani bila sauti. Kila walipotokea kwenye televisheni alininyooshea kidole, maana yake nipunguze mpaka mwisho, kisha akasogea ukingoni mwa kochi na kuwakazia macho. "Kingereza yabo siyue, na nyinyi munanitafsiria yenye munapenda tu," alisema. "Muniache na mabega yabo. Mabega haina traduction." Basi tulikaa pale nyumbani kwetu Crystal, kitongoji cha huku Marekani, mimi nikiwa na hamu ya kusikia wanasema nini, na wale wakubwa wa dunia wakifungua na kufunga midomo yao kimya kimya.

Mimi ni Goretti, mtoto wa pili wa Bernardine na marehemu Birindwa, watu wa Bukavu. Nikuambie mapema kwamba subira sikujaliwa, na mwaka ule wa 2016 hata ile kidogo ya kuazima iliniishia. Nilikuwa nikirudi kutoka kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, mgongo unauma kwa kuinua watu, nataka nikae nisikie habari za nchi yangu mpya, nakuta nyumba imegeuka bubu. Nikilalamika, Mama ananijibu, "Wakati balikuletea muchumba, baba yako alimusikiliza? Alimuangalia tu vile anakula."

Na kweli, aliwatazama jinsi wakwe wanavyotazamwa kwetu. Aliuliza nani aliwalea. Aliuliza wakikosea huwa wanamwangalia nani. Siku moja alimtazama yule mgombea mwanamke kwa muda mrefu, akasema, "Huyu anaanza kucheka mbele ya mwenzake kumaliza. Ao ana heshima ya kweli, ao jibu amekwisha kulificha." Siku nyingine ikawa zamu ya yule mwanamume. "Huyu hajifiche. Hasira yake iko juu sawa chungu yenye haina kifuniko. Inaunguza, lakini unajua kumepikwa nini." Nikamuuliza basi yeye anamtaka yupi. Akanijibu kwamba wote wawili ni wazee kama yeye, na nchi tajiri namna hii ingeweza kuwapa viti wapumzike.

Tabu yetu ilianzia hapo. Mama alikuwa na kura moja, na watoto wawili walioitaka.

Nianze na mimi. Dada yetu mkubwa, Emérance, alikuwa bado kambini Nakivale, Uganda, na wanawe. Faili lake lilikuwa limepita, walikuwa wamepimwa afya, wanangoja tiketi. Alikuja mwishowe, lakini baadaye sana, na hayo hayamo humu. Wakati ule mgombea mmoja alikuwa akisema mlango wa wakimbizi ubanwe, na mimi hesabu yangu iliishia hapo. Mtu anayetaka kumfungia dada yangu nje simpimi mabega, simpimi chochote.

Ndugu yangu Janvier, kitinda mimba wetu, anakaa Coon Rapids, mji wa jirani, na mkewe Joyeuse. Ni mzee wa kanisa ingawa umri bado, lakini usidhani ni bendera ya kufuata upepo. Binti yao Héritière alizaliwa miezi mitatu kabla ya siku zake, mwepesi kuliko mfuko wa chumvi, na Janvier alikaa hospitali majuma na majuma akimwimbia kupitia tundu la kile kisanduku cha joto. Leo mtoto anaimba kwaya. Tangu siku zile Janvier akisikia habari za kutoa mimba anauona uso wa Héritière, na mgombea aliyeahidi kuwatetea watoto ambao hawajazaliwa ndiye aliyekuwa wake, yule yule wa kubana mlango. Wangu alisema jambo hilo ni la mwanamke mwenyewe na daktari wake. Kwa Janvier nako hesabu iliishia hapo.

Tuligombana jikoni kwangu, Jumapili baada ya ibada, wali ukiwa mezani. Aliniambia, "Yaya," yaani dada mkubwa, "siku ya mwisho utamuambia Mungu nini?" Nikamwambia, "Nitamwambia amuulize Emérance." Akasema, "Na Héritière? Yeye utamuambia nini?" Nikasema maneno ambayo siyaandiki, na yeye akasema yake. Joyeuse akamshika mkono wakaondoka, wali ukapoa. Tangu hapo hatukusemeshana. Yeye akawa anampigia Mama simu mchana nikiwa kazini, na mimi jioni nikawa nampigia Mama ngoma ya Emérance, Emérance, Emérance, mpaka siku moja akaweka kijiko chini.

"Munanivuta sawa shuka," alisema. "Sikiliza, Goretti. Kura ya kwanza nilipiga wakati wa Zaïre. Kulikuwa karti ya kijani na karti nyekundu. Kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana, na kando ya nyekundu kulisimama askari. Ya pili, ile mwaka ya mapicha, karatasi ilikuwa kubwa sawa gazeti, imejaa sura za batu. Nilifurahi, ju sura ninajua kusoma. Baba yenu akaniambia pale mulangoni: weka kidole kwa yule wa miwani. Nikaweka. Sasa niko na mvi, na Mungu amenipatia ya tatu. Hii ni yangu miye. Nitaingia peke yangu, nitatafuta sura yenye nimechagua, na hamutajua. Nikimupa mutu wa Janvier, weye utasema nimesahau Emérance. Nikimupa mutu wako, Janvier atasema sipendi Héritière. Sitapoteza mutoto ju ya Président."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mama yangu, aliyezaa, aliyezika mume, aliyevuka mipaka na mizigo kichwani, hajawahi hata siku moja kuchagua kitu akiwa peke yake. Nilimwambia sawa, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini. Moyoni nilibaki na matumaini yangu.

Siku ya kura niliomba ruhusa kazini. Mama alivaa kitenge cha sherehe, juu yake koti langu zito, na akanikataza kumshika mkono kwenye ngazi. Uraia tulikuwa tumeapa pamoja kiangazi kile, yeye akiwa amesamehewa mtihani wa Kiingereza kwa cheti cha daktari, kwa hiyo kura ya nchi hii ilikuwa ya kwanza kwetu sote wawili. Kituo chetu kilikuwa ukumbi wa kanisa la Kilutheri, mwendo mfupi kwa gari, na foleni ilikuwa imefika nje ya mlango.

Mbele yetu alisimama fundi wa rangi, suruali imejaa madoa meupe. Mbele yake bwana mmoja wa tai, kadi ya kazini inaning'inia shingoni, wale wa maofisi makubwa ya Eden Prairie. Mbele yake msichana wa Kisomali amemshika bibi yake kiwiko. Kuna mama alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine miguuni. Hakuna aliyesukuma, hakuna aliyepewa nafasi kwa sababu ya tai yake. Mtu wa tai alisubiri nyuma ya bibi wa Kisomali, na ilionekana kwamba hata haimpitii akilini kuwa ingeweza kuwa vinginevyo. Mwili ulinisisimka, nikaona aibu ya kusisimkwa na foleni.

Mama alikuwa akigeuza shingo huku na huku. "Goretti, benye bunduki beko wapi?"

"Hakuna, Mama."

"Bamejificha?"

"Hakuna kabisa."

Alitazama tena, hadi kwenye pembe za dari, kisha akavua kofia ya koti iliyomfunika kichwa. Akasimama wima zaidi. Nilitamani baba yangu angemwona.

Tulikuwa tumekaribia mlango wa ndani nilipomwona Janvier akikatiza uwanja wa magari, karibu anakimbia. Alikuwa ameshapiga yake asubuhi huko Coon Rapids. Nikajiandaa, maana nilijua amekuja kumnyakua Mama dakika ya mwisho. Alipofika hakumsalimu mtu.

"Yaya," alisema, na hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu wali ule. "Haina mapicha."

"Nini haina picha?"

"Karatasi ya kura. Hata moja. Ni majina tu, mistari na mistari, na kiduara kando. Nilipoiona tu nikasema, mon Dieu, Mama!"

Naapa halikunipitia kichwani hata mara moja. Nchi iliyotua mwezini, nchi inayobandika picha ya mchele juu ya mfuko wa mchele, ikose picha ya mtu anayetaka urais? Miezi yote ile Mama amesoma nyuso, mabega, mikono, vicheko, na majina yao hakuyashika kwa sababu hakuona kazi yake. Na mimi niliyekuwa nasoma kila kitu sikuona shimo lililokuwa mbele ya miguu yetu.

Mama alikuwa amesikia. Alitoka kwenye foleni akaenda kukaa kwenye kiti chini ya makoti yaliyotundikwa. Hakulia. Alikaa tu, mikono mapajani, na nikajua uso ule. Ndio aliokuwa nao akirudi kutoka ofisi za kambini alipoambiwa jina lake halipo.

"Hakuna shida," Janvier alisema. "Donc nitaingia naye miye, nimusomee."

"Wewe? Nani kakuita?"

"Ndio nimekuya kusaidia!"

"Umekuja kusaidia mgombea wako."

"Na weye ungemusomea nini, Yaya? Ungemusomea majina yote?"

Tulikuwa tunanong'ona, lakini kunong'ona kwa hasira kunasikika kuliko kelele. Mwanamke mmoja akatujia, beji ya msimamizi kifuani. Alikuwa Philister, Mkenya, muuguzi, jirani yetu wa ghorofa ya chini. Sikujua kuwa anasimamia kura.

"Wacheni hiyo, watu wana-vote," alisema. "Shida ni gani?"

Nikamweleza. Philister akachuchumaa mbele ya Mama, akamshika magoti yote mawili, akamwamkia shikamoo kama alivyozoea.

"Mama, usiwe na wasiwasi. Unaweza kuchagua mtu mwenye unataka, aingie na wewe akusomee. Ama kama hutaki hawa, mimi na Margaret tutakusaidia. Lakini lazima tuwe wawili, juu mimi ni wa chama moja na yeye ni wa hiyo ingine. Hivyo ndio sheria inasema."

Alimwonyesha Margaret kwa kidevu. Alikuwa mwanamke wa Kizungu, mzee, sweta la zambarau, anakunywa chai kutoka kwenye kifuniko cha chupa ya Philister. Hata mimi niliijua chupa ile, na tangawizi iliyomo.

Mama alimtazama Margaret, akamtazama Philister. "Weye na ule muko chama mbalimbali?"

"Kabisa. Hatuskizani hata kidogo."

"Na anakunywa chai yako?"

Philister akacheka. "Mama, winter ile nilianguka kwa ice nikavunjika mkono, ni Margaret alikuwa ananifulia nguo. Baadaye tukakosana juu ya siasa akiwa anakunja shuka zangu. Akamaliza kukunja."

Mama hakucheka. Aliwatazama wale wawili jinsi alivyowatazama wale wa kwenye televisheni, taratibu, mabega na mikono, na kadiri alivyotazama ndivyo macho yake yalivyozidi kufunguka. Kwetu nimeona ndugu wa tumbo moja wakikimbiana kwa sababu ya karatasi ya kura. Pale palikuwa na watu wawili waliopewa kazi ya kulindana, kila mmoja amwangalie mwenzake asiibe, na katikati yao chupa moja ya chai. Nilitazama viatu vyangu, maana Janvier alikuwa karibu na sikutaka aone macho yangu.

"Hii ndio kitu ya kuona," Mama alisema mwishowe. "Uniambilie ule mama aksanti. Lakini nabo beko na macho, mwanangu. Miye nilisema peke yangu."

Akainuka. Sauti yake ilikuwa ile ya kutugawia kazi za nyumbani zamani.

"Janvier, leta kalamu. Weye utaandika jina ya mutu wa Goretti, hapa, kwa mukono wa kushoto. Goretti ataandika jina ya mutu wako, kwa mukono wa kuume. Mumoja akiandika, mwengine aangalie ukuta. Nitaingia na mikono yangu, nitatafuta kwa karatasi majina yenye kufanana na haya."

"Mama," Janvier alisema, "miye niandike jina ya ule?"

"Ndio weye. Mutu wako mwenyewe, mukono wako ungemupenda sana."

Philister alienda kumuuliza Margaret kama inaruhusiwa. Margaret akafungua kitabu chao cha mwongozo, akapekua mbele, akapekua nyuma, akakifunga. Hakukuwa na neno lolote juu ya viganja. Akamwambia Philister amwambie Mama kwamba mikono yake ni mali yake.

"Kwetu wino inakuyaga nyuma ya kura," Mama alisema, akimnyooshea Janvier kiganja. "Hapa imetangulia."

Niligeukia ukuta. Nilisikia Janvier akipumua. Alichukua muda mrefu, na kila nilipodhani amemaliza, kalamu ilianza tena. Kisha Mama akafumba ngumi ya kushoto, akaisukuma ndani ya mfuko wa koti, na Janvier akanipa kalamu bila kuniangalia. Akaenda kusimama uso ukutani, mikono nyuma.

"Yaya," alisema akiwa amegeuka hivyo hivyo, "usiandike herufi kubwa tupu. Kwa karatasi iko sawa ya kitabu, ya kwanza kubwa, zingine ndogo. Na uandike jina yote, ya mwanzo na ya mwisho. Bila vile ataikosa."

Nikashika mkono wa kuume wa mama yangu. Yeye mwenyewe alikuwa amegeuza uso pembeni, anatazama foleni. Hakuna aliyekuwa ananiona. Janvier ana ukuta, Mama ana foleni, Philister amerudi mezani kwake. Na Mama hajui kusoma. Ningeandika jina la mgombea wangu pale, nimwambie Mama ndiye yule wa Janvier, na hata angechagua yupi, nilijiambia, kiduara kingeangukia upande wa dada yangu. Ilikuwa rahisi hivyo. Nilimwona Emérance amekaa mbele ya hema lake na bahasha ya vyeti vya afya, vyeti ambavyo huisha muda wake. Nitakuwa mkweli, kalamu ilikwishagusa ngozi na nilikuwa bado sijaamua.

Mkono wa Mama ulikuwa na joto. Alikuwa amevitanua vidole vyote kwa nguvu, nami nikaelewa kwamba anaogopa, si askari, si karatasi. Alikuwa ameniachia mkono wake na kutazama kwingine. Hakuna mtu aliyewahi kuniamini kiasi hicho, na sikupenda, ilikuwa mzigo mzito. Nikaandika jina la yule mwanamume. Nikaliandika lote, la mwanzo na la mwisho, herufi ya kwanza kubwa na nyingine ndogo, nikarudia palipofifia. Mama akafumba ngumi.

Tulirudi kwenye foleni. Alipofika mezani alitia alama yake kwenye daftari la wapiga kura kwa taabu, ngumi nusu wazi, na Philister akamweleza kwa Kiswahili kwamba urais uko juu kabisa, na mengine akitaka anaweza kuyaacha wazi. Mimi kura yangu niliipiga haraka haraka kwenye meza ya pembeni. Miezi yote ile ya kuitamani, na sikumbuki hata rangi ya kalamu.

Nikaenda kusimama mlangoni kando ya Janvier. Kutoka pale tulimwona Mama kwa nyuma, koti langu limemfika magotini, vikinga vya karatasi ngumu vimemzunguka pande tatu. Na hapo ndipo wasiwasi uliponiingia kama maji ya baridi. Je, Janvier ameandika nini? Alichukua muda mrefu mno. Yeye ndiye anayeamini kwamba anaokoa watoto wachanga. Mtu anayeamini hivyo atashindwa na jina moja la uongo? Kama amedanganya yeye na mimi nimesema kweli, basi mgombea wake yuko kwenye mikono yote miwili ya Mama, na mimi ndiye mjinga wa mwaka. Nikamtazama. Naye alikuwa ananitazama, na macho yake yalikuwa yanauliza swali lile lile.

Viwiko vya Mama vikasogea. Alikuwa amefungua mikono. Kisha hakufanya kitu. Alisimama, kichwa kimeinama, na mabega yake yakapanda, yakashuka, yakapanda tena. Janvier alipiga hatua, nikamvuta shati. "Peke yake," nilimwambia. Akarudi.

Mtu aliyeingia nyuma yake alimaliza akaondoka. Wa pili alimaliza akaondoka. Mama alikuwa bado. Mwishowe aliinama, tukaona kiwiko cha kuume kikizunguka polepole, kama anayekoroga uji usishike chini. Alipotoka alikuwa ameikumbatia karatasi kifuani, maandishi ndani. Margaret alisimama kutoka kwenye kiti chake, sijui kwa nini, na watu wawili watatu waliokuwa karibu wakampisha njia. Mama akaiingiza karatasi kwenye mashine. Mashine ikaivuta, naye akarudisha mkono kwa mshtuko.

"Imeenda wapi?"

"Imehesabiwa, Mama," Philister alisema, akimbandika stika nyekundu kwenye kola.

"Na sasa?"

"Sasa unaenda nyumbani."

"Hivi tu? Haina mutu wa kunifuata?"

"Hivyo tu, Mama."

Mama aliitazama mashine kwa muda. Ilikuwa sanduku tu, la plastiki, na waya umeingia ukutani. Akaliinamia kidogo, kama anavyoinama akiingia kanisani, akatoka.

Nje jua lilikuwa limetoka na baridi haikuwa kali. Hatukufika kwenye gari. Mama alisimama katikati ya uwanja, akatugeukia, akatoa mikono yote miwili mifukoni na kuifungua mbele yetu.

"Musome," alisema.

Kwenye kiganja cha kushoto, kwa mwandiko wa ndugu yangu, lilikuwepo jina la mgombea wangu. Jina lote. Janvier alikuwa ameliandika kwa unadhifu wa mtoto wa shule siku ya mtihani, na palipokuwa na mkunjo wa ngozi alikuwa ameruka mkunjo ule ili herufi isipotoshwe. Ndiyo maana alichukua muda. Janvier naye alikuwa ameinamia kiganja cha kuume, anasoma mwandiko wangu herufi baada ya herufi.

"Sijue kusoma," Mama alisema. "Lakini kitu kufanana na kingine, hiyo ninajua. Kama mumoja wenu angenidanganya, mikono yangu yote mbili ingekuwa na jina moja. Nilisimama mule nikashindwa kufungua vidole. Siku ya ule askari sikuogopa vile. Nikasema, Bernardine, ukikuta vinafanana, hautapiga kura, utarudi nyumba na mutoto mumoja. Nikafungua. Havifanani." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Wino ingine yote ya mule haikuwa na uzito tena. Nikachagua Président wangu nikimushukuru Mungu."

Janvier akauliza swali la kipumbavu kama kawaida yake.

"Na kama sisi bote babili tungedanganya, Mama? Visingefanana vilevile."

Mama alifikiri. Niliona hilo halikuwa limempitia.

"Hapo mungekuwa mumenishinda," alisema. "Lakini kudanganya pamoja ni lazima kupatana kwanza, na nyinyi munajua kupatana?"

Janvier alianza kucheka na kicheko kikamgeukia kilio, mzee mzima wa kanisa, mchana kweupe, mbele ya magari ya watu. Mimi ni mkubwa wake. Nikamshika shingo, paji la uso wake likaniangukia begani, na nikamwambia kwamba wali wa Jumapili ile ulikuwa na chumvi nyingi hata hivyo.

Mpaka leo sijui Mama alimchagua nani. Janvier naye hajui. Tulipomfungulia mlango wa gari alikataa kufunga mkanda mwenyewe, akisema hataki kufuta maandishi kabla hajawaonyesha akina mama wa kwaya, na tukamfunga sisi, mmoja kila upande.